Leza kwanza, au mashine ya kupinda? Kisa cha karakana moja ya dai Kariobangi

Alasiri moja ya Agosti 2023, ndani ya karakana ya dai, yaani kalibu za kukatia katoni, huko Kariobangi Light Industries, Nairobi, kijana wa boda alikuwa ameketi juu ya debe la rangi, helmeti mapajani, akingoja kazi ambayo mteja wake wa barabara ya Enterprise alikuwa ameahidiwa saa sita mchana. Saa ilikuwa kumi. Ubao ulikuwa umekatwa tangu asubuhi. Vilivyobaki ni visu, na Fundi alikuwa na cha kumi na moja mkononi kati ya thelathini na vitano. Mzee mwenye karakana hakuwa akitazama upande huo. Alinisogezea simu yake, ndani yake video ya leza ikipita kwenye plaiwudi bila kelele wala vumbi, akaniuliza: "Mwalimu, ninunue hii, ama ile nyingine ya bei ya chini?"

Mwalimu ni jina alilonibandika tangu nimfundishe binti yake programu ya kuchora. Sikuwa na jibu siku hiyo. Kilichofuata kilichukua mwaka mmoja na nusu, na nakiandika kwa sababu swali la Mzee ndilo ninaloulizwa na karibu kila mwenye karakana ya aina hii, na huulizwa vilevile alivyouliza yeye: leza gani? Jina la karakana silitaji. Saa nitakazozitaja ni za benchi zile na mikono ile. Kwako zitakuwa nyingine.

Neno lenyewe kwanza, kwa asiye wa kazi hii. Wapiga chapa wa Nairobi husema "dai", na ukilisikia mara ya kwanza utadhani mtu anafuatilia deni. Kwa kweli ni kalibu ya kukatia katoni: ubao wa plaiwudi, kwa kawaida wa milimita 18, uliochimbwa mifereji myembamba inayofuata umbo la katoni ikiwa imefunuliwa. Ndani ya mifereji hupandwa kanda za chuma zenye kimo cha milimita 23.8 hivi. Zenye makali hukata. Zilizo butu, ambazo ni fupi kidogo, huacha mstari wa mkunjo. Katoni ya dawa au ya sabuni hutumia kisu cha milimita 0.71, ambacho mafundi hukiita pointi mbili. Maboksi ya karatasi yenye mawimbi ndani mara nyingi hupewa pointi tatu, yaani milimita 1.05 hivi.

Kisu hakipigwi gundi wala msumari. Kinashikwa na mbao peke yake. Mfereji ukiwa mpana kuliko inavyotakiwa, kisu hulegea na siku moja kitabaki ndani ya mashine ya mteja. Ukiwa mwembamba mno, visu vyote vikishagongwa ndani, ubao huvimba na kupinda mgongo. Tena mfereji haukatwi moja kwa moja mwanzo hadi mwisho, maana kipande cha katikati kingeanguka. Huachwa madaraja ya mbao, na kisu kinachopita juu ya daraja hukatwa pengo upande wa chini ili kilivuke. Kumbuka hayo madaraja, yatarudi kutusumbua.

Karakana hii ilikuwa ikifanya yote kwa mkono. Mchoro unachapishwa, unabandikwa juu ya ubao, mashimo yanatobolewa, jigso, yaani msumeno mdogo wa umeme, inafuata mstari. Fundi anapinda visu kwenye mashine ya wenzo, kipande baada ya kipande, kwa jicho na kwa kidole gumba. Ukimwona akifanya kazi utawakumbuka wale wa Kamukunji wanaotengeneza masanduku ya bati: hapimi pembe, anaisikia.

Na kazi ilikuwa ikiwazidi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo wateja wa mifuko ya karatasi na vifungashio vya chakula walikuwa wameongezeka kwenye daftari la oda, wengi wao wakitaka saizi nyingi, idadi ndogo, na jana. Binti, ambaye ndiye ofisi nzima, alikuwa akikataa kazi kila wiki. Ndipo Mzee akaanza kutazama video.

Niliomba kitu kimoja kabla ya kuzungumza mashine: wiki mbili na daftari. Kila dai iliyoingia tuliandika saa iliyoanza na saa iliyotoka kwenye kila benchi. Wiki ya pili iliangukia Ijumaa ya tarehe 25 Agosti, usiku ule stima ilipopotea karibu nchi nzima. Jumamosi asubuhi jigso ilikuwa kimya na kompyuta imezimwa, lakini Fundi alikuwa kwenye wenzo wake akipinda kama kawaida, redio ya betri pembeni. "Hii haijui stima," akaniambia. Niliandika hilo pia.

Kwa dai ya kawaida ya karakana hiyo, katoni nne kwenye ubao mmoja, daftari lilisema hivi: kuchora dakika 40, kukata ubao saa 2, kupinda na kupachika visu saa 4 na nusu, kubandika mipira inayosukuma karatasi isinase dakika 40, kujaribu na kurekebisha nusu saa. Jumla saa nane na ushei za kazi ya mikono. Nikaona jibu limejileta lenyewe. Leza ingeugeuza ubao wa saa mbili kuwa wa robo saa, vizuri, lakini ingeurundika mzigo wote kwa Fundi. Kijana wa boda angeendelea kukaa juu ya debe. Nikamwambia Mzee kwamba tatizo lake si ubao, ni kupinda, kwa hiyo leza aiache, anunue mashine ya kupinda.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanyanyua kisu kimoja kutoka mezani kwa Fundi. "Hiki kimepindwa mara ngapi?"

Fundi akajibu kabla yangu: "Mara moja. Lakini nimekijaribisha kwenye ubao mara nne."

Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea, na kosa langu lilikuwa la daftari. Nilikuwa nimeweka "kupinda na kupachika" kwenye safu moja, nikaiita kazi ya Fundi. Lakini sehemu kubwa ya zile saa nne na nusu hakuwa akipinda kitu. Alikuwa akirekebisha. Jigso, hata mikononi mwa mtu mzuri, huyumba sehemu ya milimita huku na kule, na kila kisu lazima kifuate mfereji ulivyo, haidhuru mchoro unasemaje. Kwa hiyo Fundi anapinda, anajaribisha, anatoa, anafungua pembe kidogo, anapiga tupa, anarudisha. Saa zilizokuwa zimeandikwa jina lake zilikuwa, kwa nusu, saa za jigso.

Tukafanya jaribio. Kiwanda kimoja cha vifungashio cha upande wa Industrial Area kina leza yake, na haishindi ikifanya kazi. Tuliwalipa watukatie ubao wa dai ileile tuliyokuwa tumeitengeneza wiki iliyopita. Fundi akapinda kwa mkono kama siku zote. Saa nne na nusu zikashuka hadi saa tatu hivi, na hakuongeza mwendo, maana alisimama kunywa chai mara mbili. Halafu tukageuza jaribio: ubao wa jigso, lakini Fundi akatazwa kuujaribisha. Alipinda kila kisu kwa kufuata mchoro tu, akipima kwa kigezo, kama ambavyo mashine ingefanya. Visu kumi na viwili kati ya thelathini na vitano vilikataa kuingia. Vingine viliingia kwa nyundo, na ubao ukaanza kuinua pembe.

Jaribio hilo la pili ndilo lililoua ushauri wangu. Mashine ya kupinda haijui ubao. Inasoma faili. Ukiiweka mbele ya ubao uliokatwa kwa jigso utapata visu sahihi visivyoingia popote, na Fundi atatumia siku nzima kuviharibu ili vifanane na makosa ya ubao. Leza bila mashine ya kupinda inafaa, ingawa nusu. Mashine ya kupinda bila ubao wa leza ni hasara tupu. Mzee alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi, ingawa kwa sababu nyingine: yeye alipenda tu video.

Basi tukaenda kutafuta leza, na hapo kuna mtego ambao nimeona watu wakiutumbukia.

Muuzaji wa kwanza alileta bei ya kupendeza ya leza ya faiba ya kilowati 3. "Inakata chuma," alisema, "sembuse mbao?" Ni hoja tamu na ni ya uongo. Leza ya faiba hutoa mwanga wa urefu wa wimbi wa mikromita 1 hivi, ambao chuma huumeza vizuri lakini mbao huumeza vibaya. Unapata moshi na mkaa, hupati mfereji. Mbao, akriliki na mpira hutaka leza ya kaboni dayoksaidi, ambayo wimbi lake ni mikromita 10.6. Muuzaji wa pili alikuwa na leza sahihi, lakini yenye mrija wa kioo wa wati 150, ile inayochonga vibao vya milango na zawadi za harusi. Hiyo inaweza kulipenya plaiwudi la milimita 18 ukiipa muda, ila ikienda polepole inachoma kuta za mfereji, na juu panakuwa papana kuliko chini. Kwa kibao cha mlango haina neno. Kwa kisu kinachopaswa kushikwa na mbao peke yake, mfereji wenye umbo la faneli ni sawa na mlango usio na bawaba. Leza ya kazi hii ni ya mamia ya wati hadi kilowati na zaidi, na miale yake iwe nyembamba sawasawa juu na chini.

Hiyo leza sahihi ndiyo iliyotuonyesha bei yake halisi, na mashine yenyewe ilikuwa sehemu tu ya bei hiyo. Karakana ina umeme wa awamu moja, volti 240. Leza ya nguvu hiyo, mtambo wake wa kupoza maji, feni ya kufyonza moshi na kompresa vinataka awamu tatu, volti 415. Maana yake ombi jipya, nguzo, na kungoja. Moshi wa plaiwudi si wa jikoni, una gundi ndani yake, na jirani wa ukuta mmoja ni fundi wa sofa mwenye watoto wanaocheza mlangoni. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa ng'ambo hawalifikirii kabisa: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Kompresa inayotajwa kwenye karatasi kuwa inatoa kiasi fulani, hapa inatoa pungufu, na jenereta isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) nayo hupungukiwa nguvu. Ukinunua kwa vipimo vya Mombasa utajuta Kariobangi.

Binti ndiye aliyeketi na hesabu, na aliifanya kwa namna ambayo nimeiiba tangu siku hiyo. Ilikuwa Januari 2024, dola moja ilikuwa imevuka shilingi 160, na kila proforma, yaani ankara ya awali, iliyoingia ilikuwa imezeeka kabla hajaifungua. Akaacha shilingi. Alichukua faida ya dai moja ya kawaida, baada ya kutoa plaiwudi, chuma, mpira na mishahara, akaifanya kuwa sarafu yake. Leza na kila kilichoifuata ilikuwa dai 2,600. Mashine ya kupinda yenye kazi zote tulizozitaka ilikuwa dai 900.

Wakati ule walikuwa wakitoa dai mbili na nusu kwa siku, wastani. Kwa leza peke yake, kwa saa zile za jaribio letu, wangefika nne. Hiyo ni nyongeza ya dai 37 hivi kwa mwezi wa siku 25, na dai 2,600 zingelipwa kwa karibu miaka sita. Kwa mashine ya kupinda pamoja na mbao za kununua kwa mwenye leza, wangefika tano. Mbao za kununua zingekula sehemu moja ya tano ya faida ya kila dai, kwa hiyo nyongeza halisi ingebaki 37 vilevile. Lakini deni lingekuwa dai 900: miaka miwili na kidogo.

Nyongeza ileile, muda tofauti kabisa. Mzee aliutazama ukurasa kwa muda, akauliza kama binti amekosea mahali. Hakuwa amekosea.

Upinzani wa kweli ulitoka kwa binti mwenyewe, na haukuwa wa hesabu. "Baba, huyo mwenye leza anatengeneza katoni. Leo nikimpelekea michoro ya wateja wetu, kesho atawapigia simu." Alikuwa na haki. Walichokubaliana ni hiki: kila mchoro unatoka na namba tu, bila jina la mteja wala maandishi ya chapa, oda zinagawanywa kwa wenye leza wawili, hakuna anayepewa familia nzima ya saizi za mteja mmoja, na kuna karatasi iliyosainiwa ya bei na muda kwa mwaka mmoja. Si ulinzi kamili. Mtu anayeijua biashara atakitambua kifungashio cha maziwa hata kikiitwa 0417. Ila ombi la awamu tatu liliwekwa siku hiyohiyo, ili mwaka ukiisha wasiwe mateka.

Sasa, mashine ya kupinda ipi? Hapa ndipo nilipotaka twende taratibu, kwa sababu mashine hizi zote zinafanana kwenye video. Ukanda unaingia upande mmoja, vipande vilivyopindwa vinatoka upande wa pili, muziki unapigwa.

Mashine kamili hufanya mambo haya kwa mpigo: inavuta kisu kutoka kwenye koili (ukanda mrefu uliozungushwa), inakata mapengo ya madaraja, inakata kwa urefu, inapinda. Zilizo bora zinachonga pia mdomo, yaani ncha ya kisu inarefushwa juu kidogo ili makali yake yaguse makali ya kisu kinachokutana nacho. Bila mdomo, pembeni hubaki nyuzi ndogo ya karatasi isiyokatika na mteja atakupigia simu. Zilizo bora zaidi hukwangua makali mahali pa kupindia, kwa sababu makali ya kisu yamefanywa kuwa magumu kuliko mwili wake na kwenye kona kali huweza kupasuka. Zile za bei ya chini hupinda na kukata urefu tu, mapengo na midomo ukafanye mwenyewe mezani. Ukizihesabu dakika, zinaokoa kidogo kuliko zinavyodhaniwa.

Tulichora dai moja ya mtihani, mbaya kwa makusudi. Ilikuwa na tundu la kutundikia bidhaa lenye kona ndogo ndogo, ulimi wa kufungia wenye pinda mbili zilizokaribiana, kisu kirefu cha milimita 800 chenye pinda kwenye kila ncha, duara dogo, kisu butu cha pointi tatu, na mahali pamoja penye pinda za kushoto na kulia zikifuatana. Kile kirefu ndicho kipimo changu ninachokipenda. Kosa la sehemu ya kumi ya milimita halionekani kwenye kipande kifupi, lakini mashine inayoteleza kidogo kila inapovuta ukanda itajianika mwishoni mwa milimita 800.

Tukatuma faili kwa wauzaji watatu, na pamoja na faili tukatuma kwa kuria vipande vya visu vyetu wenyewe. Hilo la visu ni muhimu kuliko linavyoonekana. Chuma kikipindwa hurudi nyuma kidogo, na kiasi kinachorudi hutofautiana kwa kila aina na hata kwa kila koili. Muuzaji akijipimia kwa chuma chake alichokizoea, umeona ustadi wake na chuma chake.

Mmoja alijibu kwa video, na video ilikuwa imekatwa mahali palepale ambapo ulimi ungetokea. Wa pili, aliyekuwa akiuza mashine iliyotumika, alituma vipande vizuri, ila alipoulizwa kuhusu programu ikajulikana kuwa inafunguliwa kwa ufunguo wa USB ambao mwenye mashine wa kwanza aliupoteza. Mashine isiyo na ufunguo wake ni chuma chakavu cha bei ghali. Wa tatu, kutoka China, alituma vipande kwenye sanduku, vimeandikwa namba. Tulivilaza juu ya mchoro uliochapishwa kwenye filamu ya poliesta, kwa kuwa karatasi hunywa unyevu na kutanuka. Kile kirefu kilikuwa nje kwa milimita 0.2. Kwenye ulimi pembe moja ilikuwa wazi kidogo, na Fundi ndiye aliyeiona, bila kipimo.

Tulimpigia huyo wa tatu saa kumi jioni ya hapa, bila miadi. Kwao ilikuwa saa tatu usiku. Mtu alipokea. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko kurasa kumi za ubora.

Oda ililipwa mwanzoni mwa Aprili 2024. Tangu Januari dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130, kwa hiyo miezi tuliyoipoteza kwa majaribio iliwaokolea fedha nyingi. Ilikuwa bahati, na sitajifanya niliiona. Mzigo ulishuka Mombasa, ukapanda reli hadi bohari ya makasha ya Embakasi, ukakaa huko siku kadhaa kwa sababu cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kilikuwa na namba ya mashine tofauti na ile ya kwenye ankara. Herufi moja tu. Kodi ya bohari haijali herufi ngapi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa aibu. Kwanza, stoo ilikuwa imejaa visu vya mita moja moja, na mashine hula koili. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo, mimi nikiwemo. Halafu yakarudi madaraja. Mwenye leza wa kwanza aliacha daraja la milimita 8 mahali ambapo faili yetu ilikata pengo la milimita 6, kwa sababu programu yake ilikuwa na mazoea yake na ilikuwa ikibadilisha madaraja yetu kimyakimya. Visu vyote vilikaa juu ya ubao kama vitoto vinavyokataa kuoga. Dawa ilikuwa kukubaliana kwamba faili moja inaenda pande zote mbili na hakuna anayegusa madaraja, na pengo daima liwe pana kuliko daraja. Ubao wowote unaoingia sasa unapimwa kwa kipande cha kisu cha pointi mbili kwenye mifereji mitano: kikiingia kwa kusukumwa na kidole bila nyundo, ubao unarudishwa. Lenzi ya mtu imechafuka.

Kisha ikaja koili ya pili. Pembe za nyuzi 90 zikaanza kutoka wazi, kama nyuzi tatu hivi. Kijana aliyekuwa amefunzwa kuendesha mashine akadhani imeharibika, akataka kupiga simu China. Fundi alichukua kipande, akakipinda kwa vidole, akakiachia. "Hiki ni kigumu kuliko kile cha jana. Kinarudi." Wakaingiza marekebisho mapya, pembe zikakaa.

Kuhusu Fundi lazima niseme zaidi, kwa maana ndiye aliyekuwa na sababu ya kuichukia mashine. Amepinda visu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mashine ilipofunguliwa kutoka kwenye kreti alitoka nje akaenda kukaa kwa yule wa sofa. Mzee hakumfuata na hotuba. Alimfuata na funguo za stoo ya koili. Tangu siku hiyo hakuna koili inayoingia kwenye mashine bila Fundi kupinda vipande vitatu vya majaribio na kuandika marekebisho kwenye lebo yake, kwa mwandiko wake. Vipande vidogo sana, duara za chini ya kile mashine inachoweza, bado anavipinda kwa wenzo wake. Na stima ikipotea katikati ya kipande, mashine ikasahau ilipokuwa, wanamwita yeye kwanza.

Februari 2025 nilirudi na daftari. Dai ya katoni nne, ileile: kuchora dakika 40, ubao unaletwa umekatwa, kupinda kwenye mashine na kupachika saa 1 na dakika 20, mpira dakika 40, kujaribu nusu saa. Saa tatu na dakika kumi za mikono yao. Kwa siku wanatoa tano, siku nyingine sita, ingawa mara mbili kwa mwezi hivi mbao za kununua huchelewa na benchi zote hukaa. Jibu la awamu tatu lilikuwa limekuja, na makadirio ya gharama yako kwenye faili ya binti, hayajalipwa. Mzee bado anaitaka leza. Binti anasema mkataba wa mbao bado una miezi mitano, tutaona.

Kijana wa boda alikuwepo, kwenye debe lilelile. Safari hii alikuwa akimngoja mama anayebandika mipira, mezani kwake dai nne zimepangana, kila kipande cha sponji kikikatwa kwa kisu cha mkono na kupakwa gundi. Mzee akanisogelea na simu. Ilikuwa video ya mashine ya maji inayokata mipira.

Nilitaka kumwomba wiki mbili. Binti alinyoosha mkono akafungua droo, akanipa daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa "Mpira", na ulikuwa na siku tisa tayari, kukata safu yake, kubandika safu yake.